Mwenyekiti wa Meza ya Jikoni

Kila siku ya shule iliisha vilevile kwa Chiriku. Alipita mbele ya karakana ya seremala, akanunua mkate dukani, akafika mlangoni, akavuta ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni mwake, akaingia. Nyumba ilikuwa kimya. Alivua viatu, akafunua sahani iliyofunika chakula chake, akala kikiwa kimeshapoa, macho yameelekea ukutani. Ukuta nao haukuwa na habari mpya.

Jina la Chiriku, ndege asiyenyamaza, alipewa na baba yake alipokuwa anajifunza kusema. Enzi hizo hakuwa na breki. Alisimulia alichoota, alichokula, hata paka wa jirani alivyomwangalia vibaya. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kufika leo na keshokutwa ameshaondoka, na kila akirudi aliomba asimuliwe yote tangu mwanzo. Sasa Chiriku alikuwa darasa la sita na maneno yalikuwa yamempungua. Angeongea na nani? Rafiki yake wa nyumba ya pili alihama na wazazi wake mwanzoni mwa mwaka, na tangu hapo alikuwa akitoka shule peke yake.

Mama yake alikuwa muuguzi katika kliniki ya watoto, ng'ambo ya soko. Aliwapima watoto kwenye mizani ya kuning'inia, akawachanja, akawaonyesha akina mama namna ya kuchanganya dawa ya chumvi na maji kwa mtoto anayeharisha. Jioni alirudi miguu imemvimba. Zamani, hata akiwa amechoka vipi, alikaa na binti yake mezani wakapiga soga. Mwaka huu alikuwa na jambo lake. Alikuwa anaomba nafasi chuo kikuu, akasome shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Meza ya jikoni ilijaa nakala za vyeti, na kompyuta aliyoazima kwa wifi yake ilikaa palepale pa sahani ya Chiriku.

"Mama, afya ya jamii ni nini?" Chiriku aliuliza siku moja.

"Ni kama kuutibu mtaa mzima, mwanangu. Mimi leo nimetibu mtoto mmoja mmoja. Mtu wa afya ya jamii anauliza, hawa watoto wote wa mtaa mmoja, kwa nini wanaugua pamoja?"

"Na chuo chenyewe kiko wapi?"

Mama alijifanya anatafuta kalamu. "Mbali kidogo. Safari ya kutwa nzima kwa basi. Nikipata, wewe utakaa kwa shangazi. Si unampenda shangazi?"

Chiriku alimpenda shangazi sana, lakini swali halikuwa hilo. Alitaka kusema, "Mama, hata sasa uko hapahapa na bado niko peke yangu." Akaosha sahani, akaenda kulala.

Maombi ya mama yalivuka hatua ya kwanza. Siku moja alirudi uso umemchangamka, akasema wamemwita kwenye usaili. Hakutakiwa kusafiri. Jopo la chuo lingemhoji kwa njia ya video, Jumamosi asubuhi, naye akae nyumbani mbele ya kompyuta.

"Sasa nahitaji mtu wa kunifanyisha mazoezi," alisema. "Mtu mkali, asiyecheka ovyo. Unamjua nani?"

Chiriku aliinua kidole kidogo kidogo, kama yuko darasani.

Basi kuanzia jioni ile jiko lao likageuka chuo kikuu. Chiriku alivaa miwani kuukuu ya shangazi, ile iliyomshukia mpaka ncha ya pua, akakaa upande wa pili wa meza. Mama alibisha hodi kwenye mlango wa jiko lake mwenyewe.

"Karibu," Chiriku alisema kwa sauti nzito. "Keti. Mimi ndiye mwenyekiti."

"Asante, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Tuambie, kwa nini unataka kusoma afya ya jamii?"

Mama alinyoosha mgongo, akakohoa. "Afya ya jamii ni nguzo muhimu katika maendeleo endelevu ya taifa lolote lile, na kwa kuzingatia changamoto mbalimbali zinazoikabili sekta ya afya..."

Aliendelea hivyo mpaka Chiriku akaanza kuhesabu vigae. Ilikuwa hotuba ya mgeni rasmi, ya aina ile ambayo hata mgeni rasmi mwenyewe huombea iishe. Lakini mama alikuwa akimtazama. Alimtazama machoni, bila kompyuta katikati, akisubiri neno lake. Chiriku hakukumbuka mara ya mwisho kutazamwa hivyo ilikuwa lini, na moyo ukamtuna kwa raha.

"Rudia," alisema. "Tusikie tena."

Mama akarudia. Jioni iliyofuata wakarudia, na nyingine vilevile. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo Chiriku hakuwa mpweke, na alijua fika kwamba saa hiyo ilikuwa ikimwandaa mama kuondoka. Fikiria mtoto anavyojisikia hapo.

Jumatano, mama alichoka na hotuba yake. Alivua viatu, akaegemea kiti. "Mheshimiwa, nikuambie ukweli wangu? Unakumbuka kipindi kile watoto wa nyuma ya soko walivyokuwa wanaharisha? Mabenchi ya kliniki yalijaa mpaka nje. Nilikuwa nikigawa dawa, mtoto anapona, wiki ijayo huyo karudi. Nikaanza kumuuliza kila mama, maji mnachota wapi? Wote walisema maji yao ni safi. Waliona aibu kusema vingine. Mpaka mmoja, muuza vitumbua... hapana, alikuwa anauza mkaa, akaninong'oneza. Nesi, tangi letu halina mfuniko tangu mwaka jana. Nikatoka kazini nikaenda kupanda ngazi mwenyewe. Mlikuwa na njiwa aliyekufa ndani."

"Ukafanyaje?" Chiriku alisahau kukaza sauti.

"Nikapiga kelele mpaka tangi likasafishwa. Seremala wetu akatengeneza mfuniko. Baada ya muda mabenchi yakawa matupu. Nilikaa pale mpaka alasiri sina kazi, na sijawahi kufurahi vile tangu nianze uuguzi. Nikawaza, kumbe kuna kazi ya namna hii, kazi ya kuyamaliza mabenchi. Nataka kuijua vizuri." Mama akatabasamu kwa haya. "Unaonaje? Niseme hivyo?"

Chiriku aliikumbuka siku ile ya mabenchi matupu. Mama alirudi jua likiwa bado juu, wakaenda wote sokoni, wakanunua nanasi wakalila njiani mpaka viwiko vikanata. Hadithi ilimgusa mpaka vidole vya miguu. Alijua kabisa kwamba mtu yeyote mwenye masikio, akiisikia, angempa mama nafasi palepale. Hilo ndilo lililomtisha.

Aliisukuma miwani juu ya pua. "Hapana," alisema. "Hiyo usiseme. Mambo ya njiwa mfu kwa watu wa chuo kikuu? Watakucheka. Sema ile ya nguzo muhimu. Ile ndiyo ya kisomi."

Mama alimwangalia kidogo. "Kweli?"

"Kweli, mama. Ile inanisisimua kila mara."

Tabasamu la mama lilififia, akavaa viatu. "Haya. Wewe ndiye mwenyekiti." Akanyoosha mgongo, akaanza upya na nguzo zake muhimu.

Usiku huo Chiriku alijifunika gubigubi. Alijiambia hakusema uongo mkubwa, ametoa maoni tu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na siku chache tu mbele yake. Alhamisi alipewa nafasi ya kusema ukweli, akasema, "Safi sana, mama." Ijumaa akapewa tena, akasema, "Hapo hapo." Ajabu ni kwamba ile saa ya jikoni haikuwa tamu tena. Mama alimtazama machoni kama kawaida, lakini sasa Chiriku ndiye aliyekwepa. Alikuwa mpweke hata akitazamwa, na huo ulikuwa upweke mbaya kuliko wa mwanzo.

Jumamosi asubuhi mama alitundika shuka jeupe ukutani ili nyuma yake paonekane nadhifu. Alivaa koti la suti juu, na chini akabaki na sketi ya nyumbani na ndala, maana kamera haikufika huko. Siku nyingine Chiriku angecheka mpaka akae chini.

"Nenda kwa shangazi, nyumba iwe tulivu," mama alisema. "Niombee."

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa mtaa wa pili tu. Chiriku alimkuta amebana pini midomoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mtoto wa kaka. Njoo, simama hapa." Shangazi alichomoa pini, akampima sketi mpya ya shule kiunoni. "Nimekuachia upindo mrefu. Ukikaa kwangu utarefuka, nami sitaki kushona nyingine kila mwezi. Mbona umenywea hivyo? Mwenye usaili ni mama yako."

"Sina kitu."

"Usinipe uongo wa asubuhi. Na huyo mama yako usimlaumu akiwa na wasiwasi. Mwaka jana si aliomba wakamkataa? Hukujua? Hakutaka ujue. Walimwambia majibu yake yalikuwa makavu, hawakumwona yeye ni nani. Alikuja akalia hapahapa, kwenye kiti hicho chenye vitambaa, mpaka nikamwambia, wifi, basi, utanichujishia vitambaa rangi." Shangazi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mwaka huu ametulia. Ananiambia, wifi, safari hii ninaye mwalimu. Mwenyekiti wangu hanidanganyi."

Chiriku aligeukia mlango.

"Wameanza saa hii?" aliuliza.

"Bado kidogo. Kwani vipi? We mtoto, pini hizo, utajichoma..."

Chiriku alikuwa ameshatoka. Alikimbia na sketi ya pini, mkono mmoja ameshika kiuno isimwanguke, pini zikimchoma pajani kila akinyanyua mguu. Seremala alimsalimia kutoka karakana, naye hakujibu. Akasukuma mlango.

Mama aligeuka, mkono kifuani. "Kuna nini? Shangazi yako yuko salama?"

"Nilikudanganya," Chiriku alisema huku akihema. "Ile ya nguzo muhimu ni mbaya. Ni mbaya sana, mama, inanilaza usingizi. Ya njiwa ndiyo nzuri. Nilijua tangu Jumatano. Nilisema vile makusudi."

Chiriku alingoja kofi, au kelele, au hata kuambiwa atoke. Alichokiona ni mama akiketi kitini taratibu, koti la suti limemkaa vibaya mabegani.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ukifaulu unaondoka." "Hata sasa nikirudi shule hakuna mtu. Nakula peke yangu, naongea na ukuta. Jioni ukirudi uko na kompyuta. Nilikuwa nakuona tu nikiwa mwenyekiti. Sasa nikabaki bila hata hiyo?"

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Umeniumiza," alisema. "Sitakuficha. Nilikuamini, na jambo hilo lina mazungumzo yake. Lakini na mimi nimezunguka mtaa mzima nikiuliza watu wanaumwa wapi, na wewe wa ndani ya nyumba yangu sikukuuliza."

Kompyuta ikaanza kuita. Walitazamana. Chiriku akageuka kwenda nje, lakini mama alimshika mkono, akamwonyesha sakafuni kando ya kiti, mahali kamera isipofika. Akakaa hapo, sketi ya pini imemzunguka, akalaza kichwa kwenye goti la mama.

Sauti ya mwanamke ikasalimu kutoka kwenye kompyuta, kisha ya mwanamume. Baada ya salamu yule mwanamke akauliza, "Kwa nini unataka kusoma afya ya jamii?"

Mama aliweka mkono juu ya kichwa cha Chiriku.

"Nitawaambia habari za tangi la maji," mama alisema.

Akasimulia yote, mabenchi, aibu ya wale akina mama, muuza mkaa, ngazi, njiwa, mfuniko wa seremala. Upande wa pili hakuna aliyekohoa. Wakamuuliza angefanya nini kama yule muuza mkaa asingesema, akajibu. Wakamuuliza mambo ya takwimu, hapo akababaika kidogo, akakiri kwamba hesabu hizo ndizo anazotaka kwenda kujifunza. Mwisho yule mwanamume akauliza, "Masomo haya ni mazito na uko mbali. Familia yako inasemaje?"

Chiriku aliinua macho kumtazama mama.

"Mume wangu amekubali," mama alijibu. "Binti yangu hataki niondoke. Ameniambia leo hii, na amefanya vizuri kuniambia. Bado tunazungumza."

Yule mwanamke akacheka kwa upole, akasema hilo ni jibu la kweli. Wakaagana.

Mama alifunga kompyuta, akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni na koti lake la suti. Alianza kuchomoa pini zilizolegea kwenye sketi ya Chiriku, moja baada ya nyingine, akizichomeka kwenye kola ya koti ili zisipotee.

"Sikiliza," alisema. "Wale akina mama hawakuwa watu wabaya. Walificha kwa sababu ya aibu, na kwa kuficha kwao watoto waliendelea kuugua. Mimi ningegawa dawa mpaka leo. Mambo yalianza kupona siku mtu mmoja aliposema, tatizo liko hapa. Na wewe ulikuwa na tatizo lako. Ulikuwa mpweke. Upweke si aibu, mwanangu. Lakini uliuficha, ukaufunika kwa uongo, nao ukazidi kukutafuna, ukakaribia kunila na mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Panapouma, sema. Hata kama unadhani anayesikiliza hatapenda."

"Ningesema ungeacha kuomba?"

"Sijui. Labda nisingeacha. Lakini ungekuwa umelia na mtu, si na ukuta."

Chiriku akalia hapo, na mtu.

Siku ile mama alimpa adhabu yake, maana msamaha haukufuta kosa. Alimrudisha kwa shangazi akaombe radhi kwa kukimbia na sketi ya watu, kisha akasimulie mwenyewe, kwa mdomo wake, alichokifanya. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Ulitaka kumzuia mama yako asije akanilaza na wewe kitanda kimoja," alisema. "Sikulaumu. Wanasema nakoroma." Baba naye alipigiwa simu akiwa barabarani, akaahidi kwamba kila atakapolaza lori atapiga. Na jioni mama aliiondoa kompyuta mezani, sahani ya Chiriku ikarudi mahali pake.

Jibu la chuo lilikuja baada ya wiki kadhaa, kwa barua pepe, mama akiwa anamenya vitunguu. Walimpa nafasi. Alilia, na hakuna aliyejua ni kwa furaha au ni kwa vitunguu. Chiriku alifurahi kweli na akaumia kweli, vyote kwa pamoja, na safari hii alivisema vyote viwili.

Basi la mama liliondoka asubuhi yenye mawingu. Chiriku alilitazama mpaka likakata kona, halafu akaitazama kona. Kwa shangazi kulikuwa na cherehani, vitambaa na utani, lakini mchana akirudi shule bado aligeuza kichwa kutafuta mlango wa nyumbani kwao, uliofungwa kufuli. Kusema ukweli hakukumbakisha mama nyumbani, wala hakuna aliyemwahidi hivyo.

Jumamosi ya kwanza simu ya shangazi iliita. Chiriku aliipokea.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," sauti ya mama ilisema kutoka mbali. "Naomba taarifa. Hali ikoje huko?"

Nzuri, ndilo neno lililomjia mdomoni. Lilikuwa fupi na rahisi, nalo lingemfurahisha mama. Chiriku alilimeza.

"Mbaya, mama," alisema. "Jana nilikukumbuka sana tangu nilipoamka. Mezani nilishindwa kula, nikamwambia shangazi tumbo linauma, na si tumbo. Baadaye nikamwambia ukweli."

Mama akavuta pumzi. "Na mimi jana nilikula peke yangu kwenye ukumbi wa watu wengi," alisema. "Asante kwa kuniambia. Endelea. Niambie yote tangu mwanzo."

Chiriku akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akaanza. Alisimulia shule, sketi na upindo wake, msichana mgeni darasani aliyemwomba wakae pamoja, paka wa jirani wa shangazi aliyemwangalia vibaya. Aliongea mpaka simu ikapata moto sikioni.

Shangazi alisimamisha cherehani, akaegemea meza, akamsikiliza. "Haya," alimwambia paka aliyekuwa dirishani. "Chiriku amerudi. Sasa ndiyo tutajua kama nyumba hii ina masikio ya kutosha."